Majeruhi wa ajali si gunia la ndengu

Na MWANDISHI WETU

NI saa mbili za usiku katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, mahali fulani kati ya Emali na Makindu. Matatu imegonga nyuma ya trela lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa. Kabla vumbi halijatulia, watu wamekwisha kufika: waendeshaji bodaboda, mama anayeuza matunda kando ya barabara, utingo wa lori lililokuwa likifuata nyuma, na vijana waliokuwa wakitoka sokoni.

Kila mmoja wao ana huruma. "Mbebeni! Mbebeni haraka!" sauti zinasikika gizani. Majeruhi wanavutwa kwa mikono na miguu kupitia madirishani. Anayelia kwa sauti kubwa ndiye anayehudumiwa kwanza. Aliyenyamaza anaachwa, kwa kuwa inadhaniwa amekwisha kufa. Mmoja anapewa maji anywe. Mwingine, ambaye paja lake linavuja damu, anakalishwa kitako nyuma ya pikapu na wenzake watatu wanalazwa juu ya miguu yake. Pikapu inaondoka mbio kuelekea hospitalini.

Mfano huu hausimulii ajali moja. Ni picha ya ajali nyingi, na msomaji ambaye husafiri mara kwa mara katika barabara hiyo bila shaka ameona mambo kama hayo kwa macho yake. Katika picha hiyo hakuna mtu mbaya. Hata hivyo, karibu kila lililofanywa pale lingeweza kumuua mtu ambaye ajali yenyewe haikumuua.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini kifo kinachofuata ajali, mara nyingi, kina kinga. Katika wilaya za zamani za Kitui na Makueni, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti, kinga hiyo imo zaidi mikononi mwa mpita njia kuliko mikononi mwa daktari.

Hospitali ni mbali

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa eneo. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, yaani ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1. Makueni ni ndogo kuliko hiyo, lakini ilikuwa na watu karibu 988,000, nayo inakatwa na barabara yenye magari mengi mazito kuliko nyingine zote nchini. Barabara hiyo hupitia Salama, Sultan Hamud, Emali, Kiboko, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Upande wa Kitui, barabara ya Thika hadi Garissa hupitia Mwingi, Nguni na Ukasi, mahali ambapo mtu anaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona nyumba.

Ziko hospitali. Kuna hospitali za rufaa mjini Kitui na mjini Wote. Makindu iko kando ya barabara kuu na imezoea kupokea majeruhi. Kuna hospitali ya Mwingi, na ile ya misheni iliyoko Mutomo. Lakini mtu aliyeanguka kutoka kwenye mwembe kijijini, au aliyefunikwa na mchanga akichimba mtoni, au aliyeshambuliwa na ndovu karibu na mpaka wa mbuga ya Tsavo, kwanza anahitaji kufikishwa barabarani. Barabara nyingi za ndani ni za udongo, na mito ambayo miezi mingi huwa mikavu hujaa ghafla mvua inaponyesha.

Wakazi wa sehemu hizi wanazijua hasara za mito hiyo. Mwezi wa Januari 1993, si mbali na Mtito Andei, daraja la reli juu ya mto Ngai Ndethya lilisombwa na mafuriko na gari moshi la abiria likatumbukia. Watu zaidi ya 100 walifariki. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengine waliokolewa wakiwa hai. Mikasa mikubwa ya namna hiyo huandikwa magazetini. Ile midogo ya mtu mmoja mmoja haiandikwi, lakini ndiyo mingi zaidi.

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba tangu mwaka 2021 Kenya imekuwa ikipoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani. Hao ni waliokufa tu. Waliobaki na ulemavu ni wengi zaidi, na baadhi yao hawakulemazwa na gari bali na namna walivyobebwa.

Dakika, si masaa

Daktari mpasuaji mmoja wa Baltimore, Marekani, R Adams Cowley, alijulikana kote duniani kwa kusema kwamba majeruhi ana "saa ya dhahabu": akifikishwa mbele ya mpasuaji ndani ya saa hiyo, ana nafasi nzuri ya kupona. Kauli hiyo ilisaidia kuleta helikopta na ambulensi za kisasa katika nchi tajiri. Hata hivyo, kwa mtu aliyelala kando ya barabara pale Ukasi, saa nzima ni muda mrefu mno.

Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kupoteza damu ya kutosha kumuua kwa dakika chache tu. Ubongo nao ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Hakuna ambulensi itakayofika kwa muda huo, hata kama ingekuwa imeegeshwa Makindu injini ikinguruma. Anayeweza kufika ni yule aliyekwisha kuwapo.

Kwa hiyo swali si jinsi ya kumkimbiza majeruhi tu. Swali ni afanyiwe nini kwanza, kabla hajainuliwa kutoka chini. Yafuatayo ni mambo ambayo mtu yeyote, awe amesoma au hakusoma, anaweza kuyafanya kwa mikono yake.

1. Jilinde kwanza

Mwokoaji akigongwa, majeruhi wameongezeka. Weka mtu mmoja kila upande wa barabara, mbali ya kutosha, aonye magari kwa tochi au kwa nguo nyeupe. Zima injini ya gari lililoanguka. Usiruhusu sigara wala jiko karibu.

Kama lililoanguka ni lori la mafuta, ondokeni wote na muwe mbali. Mwezi wa Januari 2009 huko Sachang'wan, karibu na Molo, watu zaidi ya 100 waliteketea baada ya kukusanyika kuteka mafuta kwenye lori lililopinduka. Malori ya namna hiyo hupita Makueni usiku na mchana.

Wengi huogopa kugusa damu kwa sababu ya ukimwi. Hofu hiyo isikuzuie. Virusi havipiti kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Vaa glavu kama zipo. Kama hazipo, vaa karatasi ya nailoni ya kufungia mkate mikononi, kisha unawe kwa sabuni na maji.

2. Anza na aliyenyamaza

Anayepiga mayowe anapumua, la sivyo asingeweza kupiga mayowe. Aliyenyamaza ndiye aliye hatarini zaidi. Mwendee huyo kwanza. Mwite, mguse bega, tazama kama kifua kinainuka.

Mtu aliyezirai akilala chali, ulimi wake hurudi nyuma na kuziba koo, au matapishi na damu huingia mapafuni. Ndivyo wengi wanavyokufa wakiwa na majeraha ambayo yangeweza kutibika. Toa kinywani kile unachokiona, kama vile meno yaliyong'oka au chakula. Weka vidole nyuma ya pembe za taya na ulisukume mbele bila kupinda shingo. Kisha, mkisaidiana, mgeuzeni ubavu kwa pamoja kama gogo, kichwa na mwili vikienda sawa, mdomo uelekee chini ili uchafu utoke. Asiachwe peke yake hata kidogo.

3. Zuia damu

Hili ndilo jambo linalookoa wengi, nalo halihitaji kifaa cha hospitali. Chukua leso, shuka au shati safi, ukunje, uweke juu ya kidonda na ukandamize kwa nguvu kwa viganja viwili. Usiwe unafunua kila mara kuangalia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake na uzidi kukandamiza. Usitie udongo, kahawa, majivu wala mafuta ya taa.

Kama ni mkono au mguu, na damu inaruka au haizuiliki, funga kamba ya kukaza. Tumia kitambaa chenye upana wa vidole vitatu. Usitumie waya wala uzi wa kiatu kwa kuwa hivyo hukata nyama. Funga juu ya kidonda, kiasi cha vidole vinne kutoka hapo, na isiwe juu ya goti au kiwiko. Ingiza kijiti kigumu katika fundo na ukizungushe mpaka damu ikome, kisha ukifunge kisifunguke. Majeruhi atalalamika kwamba panauma. Hiyo ni dalili kwamba kimekaza. Andika saa kwenye paji la uso wake au kwenye nguo. Usilegeze njiani. Kazi ya kulegeza ni ya hospitali, na ni vizuri afike huko kabla ya saa mbili kupita.

Kitu kilichomchoma na kubaki mwilini, kiwe chuma, kioo au mshale, kisichomolewe. Mara nyingi ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie vitambaa kisitikisike, na kibaki hivyo.

4. Mfupa uliovunjika usitembezwe

Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kuvuja damu nyingi ndani kwa ndani bila tone moja kuonekana nje. Kila mtikisiko huzidisha. Funga gango, yaani mbao, fimbo au hata magazeti yaliyokunjwa, kuanzia juu ya kiungo cha juu hadi chini ya kiungo cha chini. Ukikosa yote, funga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima. Usijaribu kuunyoosha mfupa wala usimwite mkandaji. Akiumia nyonga, mfunge leso pana kuzunguka nyonga, ikaze, na umfunge magoti pamoja.

5. Asipewe chochote kinywani

Majeruhi huona kiu kali kwa sababu amepoteza damu. Huruma hutuambia tumpe maji, soda au uji. Lakini anaweza kukabwa au kutapika akiwa amezirai, na huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji mara afikapo. Mlowanishe midomo kwa kitambaa chenye maji, basi. La muhimu zaidi ni kumfunika apate joto. Mtu aliyevuja damu akipoa, damu yake huwa nzito kuganda, hata katika nchi yenye joto kama Kibwezi.

6. Jinsi ya kumpakia

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika lakini kamba ya neva iliyomo ndani bado ni nzima, mtu huyo anaweza kutembea tena. Akikunjwa na kuvutwa kama gunia, neva hukatika, na hazishonwi. Kijana aliyeanguka kutoka mtini akiwa na maumivu ya shingo anaweza kufika hospitalini hana hisia miguuni.

Kama hakuna moto, maji wala hatari nyingine, hakuna haja ya kumtoa kwa pupa. Tafuteni ubao, mlango au kitanda cha kamba. Watu watano wanatosha: mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike, watatu wamgeuze, wa tano asukume ubao chini yake. Anayeshika kichwa ndiye atoe amri: "Moja, mbili, tatu, geuza." Kwenye pikapu, alazwe sakafuni juu ya godoro au majani, na mtu akae naye akishika kichwa. Mwendo uwe wa wastani. Dereva anayeruka mashimo haokoi dakika. Anavunja mifupa upya.

Bodaboda yafaa kwa mtu aliyevunjika mkono na anayeweza kukaa mwenyewe. Haifai kabisa kwa aliyeumia kichwa, mgongo au paja, hata kama atabanwa katikati ya mwendeshaji na jamaa yake. Heri mwendeshaji huyo aende mbio kuita gari.

7. Piga simu, kumbuka saa

Namba za dharura za 999 na 112 ni za polisi. Namba ya 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Anayepiga aseme mahali kwa alama zinazoonekana, kama vile daraja, shule au kituo cha petroli, idadi ya walioumia, na kama kuna aliyenaswa ndani ya gari. Mkiondoka na gari la kukodi, mwingine apigie simu hospitali mnakokwenda ili wajiandae.

Mkifika, elezeni ajali ilitokea saa ngapi. Swali hili si la kupoteza wakati. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa ya bei nafuu iitwayo asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya kuvuja damu ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kuumia. Baada ya hapo inaweza hata kudhuru. Daktari hawezi kujua saa hiyo isipokuwa umwambie wewe.

Madereva wa Ghana

Huenda msomaji akauliza: Je, watu wa kawaida wanaweza kweli kujifunza mambo haya? Jibu limekwisha kupatikana hapa hapa Afrika. Nchini Ghana, madereva 335 wa magari ya abiria walipewa mafunzo ya saa 6 tu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kabla ya mafunzo, ni madereva 4 katika kila 100 waliosema hujaribu kuzuia damu ya majeruhi wanaowabeba. Miezi 10 hivi baadaye, walikuwa 42 katika kila 100. Waliohakikisha njia ya hewa iko wazi walipanda kutoka 2 hadi 35. Hawakununuliwa ambulensi. Walifundishwa tu kile cha kufanya na yale magari waliyokuwa nayo. Mjini Kampala pia, polisi na madereva wa teksi wamewahi kupewa mafunzo kama hayo ya siku moja.

Kitui na Makueni zina jeshi la namna hiyo tayari. Karibu kila kijiweni kuna waendeshaji bodaboda, wana simu, wanaijua kila njia ya panya, na mara nyingi ndio huwa wa kwanza kufika, au ndio walioumia wenyewe. Matatu na mabasi hutakiwa kuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza, lakini abiria waulize siku moja kimo nini ndani. Chama cha bodaboda, SACCO ya matatu, kanisa, msikiti au kikundi cha akina mama kinaweza kualika Msalaba Mwekundu au St John Ambulance kutoa mafunzo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mazishi mamoja.

Sheria iko upande wako

Wengi hupita bila kusimama kwa kuogopa kuandikisha taarifa polisi, au kuogopa kudaiwa pesa hospitalini. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilifafanua kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuwa mbaya, na kumpeleka kwingine ikibidi. Hospitali yenye uwezo inayokataa yatenda kosa. Kwa hiyo jamaa wanaoambiwa walipe kwanza ndipo damu izuiwe wana haki ya kudai, kwa heshima lakini bila kuogopa, majeruhi ahudumiwe kwanza.

Serikali za kaunti nazo haziwezi kukwepa jukumu hili. Kununua ambulensi na kupiga picha nayo ni rahisi kuliko kuitia mafuta, kuiwekea mhudumu aliyefunzwa na kuhakikisha namba yake inajulikana Ikutha na Kyuso kama inavyojulikana makao makuu. Ambulensi isiyo na mhudumu ni teksi yenye king'ora.

Lakini raia asingoje mpaka hayo yote yatimie. Usiku huu magari yatapita Kiboko, na kesho mtu atapanda mwembe kuchuma. Weka leso mbili, glavu, mkasi na tochi ndani ya mfuko mmoja, katika gari, dukani au nyumbani. Wafundishe watoto wakubwa kukandamiza kidonda. Na siku utakapofika mahali pa ajali kabla ya wengine, usikimbilie kubeba. Piga magoti, umtazame aliyenyamaza, na uzuie damu. Hayo yakifanyika, safari ya hospitalini itakuwa ya kumpeleka mgonjwa, si maiti.